Jumanne Tuliyoinunua

Dalali alituambia: dakika arobaini na saba
kutoka mlangoni hadi katikati ya Manchester.
Hakusema mlango upi. Hakusema mwezi gani.
Alivuta pazia la chumba cha juu
na kilima kikaingia bila kubisha hodi,
na kondoo wake, na kuta zake za mawe yasiyo na saruji,
na kivuli cha wingu kikishuka bondeni
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Rupert akanishika mkono. Nikajua tumekwisha.

Tuliuza fleti ya ghorofa ya nne,
na jirani wake mpiga tarumbeta, na lifti yake inayonuka vitunguu,
tukabeba mkopo wa miaka ishirini na minane,
tukanunua Derbyshire:
vyumba vitatu,
jiko la kuni lenye bei kuliko la umeme,
unyevu ukutani ambao mkaguzi aliuita tabia ya nyumba,
na mandhari.
Mandhari ndiyo iliyotukausha.

Bi Ollerenshaw wa nyumba ya pili alileta keki ya tangawizi,
akasimama kizingitini, haingii, haondoki.
"Mmetoka mjini," akasema,
kama daktari anayetaja ugonjwa unaotibika.
"Pipa la kijani ni Alhamisi. La kahawia,
wiki moja ndiyo, wiki moja siyo. Mtazoea."
Mwanawe alijaribu kuinunua nyumba hii, akashindwa bei.
Alisema hivyo akiitazama keki, si mimi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo.
Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akahamia Stoke.

Kisha Novemba.
Rupert huondoka saa kumi na mbili kasorobo, giza.
Hurudi saa moja na nusu, giza.
Kilima hukiona Jumamosi tu,
kama baba aliyeachana na mkewe
anavyopewa mtoto mwisho wa wiki.
Kituoni husimama watu kumi na mmoja, kila mtu na jiwe lake,
hawasalimiani; wanajuana kwa viatu.
Ubao unasema: imechelewa.
Ubao unasema: majani relini.
Majani! Mti umetua mzigo uliochoka kuubeba,
na treni, chuma kitupu, inapiga magoti.

Mimi nabaki na meza ya jikoni na hesabu za watu.
Saa sita jua linapopasua ukungu
bonde zima linawaka, rangi ya asali iliyoganda,
nami naona haya, kama mtu anayekula chakula
mwenye kukilipia akiwa na njaa.
Nampigia picha. Namtumia.
Ananijibu kidole gumba.

Februari mvua ilinyesha siku tisa
na tuta la reli likaporomoka.
Hakuna treni, walisema, mpaka Alhamisi.
Jumanne, saa nne asubuhi, Rupert dirishani
na soksi zake, kikombe kimepoa mkononi.
"Kumbe ndivyo kunavyokuwa?" akauliza.
Sikumjibu. Ningejibu nini?
Kule juu mtu mdogo mwenye ndoo alikuwa akiinama,
akiinuka, akiinama, pale ukuta ulipobomoka.

Akatoka. Sikumwona mpaka saa nane,
matope magotini, kucha imepasuka,
anacheka peke yake kama mlevi.
"Jiwe kubwa huwekwa chini," akaniambia,
"na kila moja huelekezwa ndani, lisimwage maji moyoni mwa ukuta."
Akanawa. Akakaa. Kisha polepole:
"Anaitwa Winifred."
Miezi kumi na sita, na hatukuwa tunalijua.

Alhamisi treni ikarudi.
Nikiwa kitandani nilisikia mlango, kokoto, kisha kimya.
Nikachungulia. Alikuwa amesimama langoni,
ameelekeza uso gizani, mahali ambapo kilima
lazima kiwepo.
Atachelewa, nikawaza.
Akarudi nyuma hatua chache, akalivuta pipa la kijani
hadi barabarani. Kisha akalivuta la Winifred.